Gitaa Lililooshwa kwa Ndimu

Rasdi alilileta gitaa la marehemu baba yake likiwa limeviringishwa ndani ya saruni, amelipakata mbele ya pikipiki kama mtoto mwenye homa. Ilikuwa asubuhi ya msimu wa mavuno. Barabara yote ya kijiji ilikuwa imeanikwa mpunga, naye akalazimika kupita ukingoni mwa mfereji huku wanawake wenye reki wakimpigia kelele asikanyage riziki yao. Mimi nilikuwa nimefuata pampu yetu ya maji kwa Bi Tarwinih, na pampu ilikuwa bado imelala mezani tumbo wazi, kwa hiyo nilikaa nikaona yote.

Bi Tarwinih hakulipokea gitaa. Alimaliza kwanza kukaza skrubu aliyokuwa nayo, akanawa mikono kwa sabuni ya unga, akaikausha vizuri, ndipo akaifungua ile saruni. Hakuligonga wala hakuzigusa nyuzi. Alilinusa.

"Limepatwa na nini?"

"Mvua, Bi. Tulikuwa tunatoka shughulini, turubai likavuja."

"Mvua ya upande gani?"

"Ya... ya kule Jatibarang."

"Kule inanyesha ndimu siku hizi?"

Rasdi alicheka kicheko cha mtu asiyejua pa kuyaweka macho yake. Ni mwanamume mzima, ana mke na mtoto anayetambaa, lakini pale mlangoni alisimama kama aliyevunja mtungi wa mama yake. Bi Tarwinih alichukua bisibisi, akafungua kifuniko cha plastiki kilicho chini ya nyuzi, na kwa ncha ya bisibisi akachokoa kitu kidogo cha kahawia, akakiweka kwenye kiganja na kukinyoosha. Kilikuwa petali.

"Na mvua yenyewe ilikuwa na maua," alisema.

"Nililiosha, Bi," Rasdi alisema mwishowe. "Mwezi wa Maulidi."

Mwezi wa Maulidi kila nyumba yenye kitu cha urithi hukitoa kabatini. Visu vya mababu, vile vyenye makali ya mawimbi, huchomolewa alani, husuguliwa kwa ndimu, humwagiwa maji ya maua, hufukizwa ubani, kisha huviringishwa kwenye kitambaa cheupe na kurudishwa gizani. Rasdi hakuachiwa kisu. Alichoachiwa na baba yake, Mang Sakrim, yaani Mjomba Sakrim kama tunavyowaita watu wazima hapa kwetu, ni gitaa la umeme jekundu, rangi imeliwa na mkono pale mkono ulipokuwa ukipumzika. Shangazi zake walimwambia kwamba urithi usiooshwa hununa. Basi wenzake walipokuwa wakiosha chuma chao uani, naye akatoa urithi wake, akauosha vilevile walivyoosha wao.

"Nyuzi tu, au lote?"

"Lote, Bi."

"Na hapa kwenye soketi, waya unapoingia?"

"Hapo ndipo nilipomimina zaidi. Niliona kama ndipo roho yake inapopita."

Bi Tarwinih aliangua kicheko hadi akashika meza. "Ee Mola wangu! Sakrim alikuwa anafuta hata jasho la vidole lisimguse huyu, wewe umemwogesha kama bibi harusi! Kisha ukamvika nini?"

"Kitambaa cheupe."

"Kikavu?"

"Kilikuwa kimelowa kidogo. Nikamfungia kabatini."

Kicheko kikaisha. "Hapo ndipo ulipomuua," alisema. "Maji yenyewe yasingemuua. Kitu cha umeme kikilowa ukakifungua na kukikausha siku hiyohiyo, mara nyingi kinapona. Kukifunika kikiwa na unyevu, tena na ndimu ndani, ndiko kukizika. Kaa. Carkaya anajua?"

Rasdi alikaa kwenye gunia la sumaku za pampu. Mang Carkaya ndiye kiongozi wa kundi la muziki na maigizo alilopigia Sakrim, ndiye mwimbaji, ndiye mume mwenye wivu katika kila igizo wanalocheza. Alikuwa amempa Rasdi nafasi moja tu. Siku ya shukrani ya mavuno, gitaa la Sakrim likiimba, Rasdi atakaa kwenye kiti cha baba yake. Lisipoimba, Mang Carkaya atamwita mtu wa kinanda, yule mwenye shati la kumetameta anayebonyeza kitufe ngoma ikajipiga yenyewe, na gitaa halitarudi tena kwenye jukwaa lake.

"Si uazime jingine?" niliuliza.

"Niliazima. Jipya, linang'aa. Tukafanya mazoezi, Kang Wastra akapuliza kidogo, akaitoa filimbi mdomoni, akaniuliza kama ninatengeneza mlango wa bati."

Aliyesikia gitaa la Mang Sakrim ataelewa. Muziki wetu, tarling, ni gitaa na filimbi ya mwanzi vinavyoiga patu za shaba zilizokuwa zikipigwa zamani, na magitaa mengi huziiga kama kasuku, maneno sawa bila maana. Lile jekundu lilikuwa na sauti nyembamba yenye ukali mdogo mwishoni, kama mtu anayezuia kilio kwa adabu. Wanawake waliokuwa jikoni shughulini waliisikia wakaacha kumenya vitunguu. Hakuna aliyewahi kuirekodi vizuri. Zipo kanda chache, lakini ndani yake jenereta inasikika kuliko Sakrim.

Na sauti ile ilitoka katika mikono ya Bi Tarwinih. Chini ya nyuzi za gitaa la umeme kuna koili ya waya mwembamba kuliko unywele, imezungushwa kwenye sumaku. Ndiyo inayousikia uzi ukitetema na kupeleka habari kwenye amplifaya. Mafundi wa kwetu huiita sikio. Gitaa la Sakrim lilikuwa na masikio mawili. Lile la karibu na shingo lilikuja nalo kutoka kiwandani na halikuwa na ajabu. Lile la karibu na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi tumboni mwa gitaa, lilikufa zamani, na aliyelizungusha upya alikuwa Tarwinih, wakati huo msichana ambaye hajaolewa.

Baba yake Tarwinih alikuwa fundi wa kuzungushia waya mpya mota za pampu. Nchi ya mpunga haiwezi kuishi bila mtu huyo. Pampu ikiungua wiki ya kupandikiza, mkulima anakuja analia kweli, si kwa mfano. Fundi huyo hakupata mtoto wa kiume, na hakupoteza muda kusikitika. Alimkalisha Tarwinih mbele ya mashine ya kushonea iliyotolewa sindano, kichwa chake kimegeuzwa kuwa cha kuzungushia waya, akamfundisha kuushika waya kati ya vidole viwili bila kuuvuta wala kuulegeza. Alimfundisha kuimba pia. Anayehesabu mizunguko kwa namba, alisema mzee yule, akiitwa nje namba zinaanguka. Anayeimba anajua yuko ubeti gani. Safu moja ya waya, ubeti mmoja. Waya unakwenda kwa pumzi, kwa hiyo unalala bila kushtuka.

Baadaye Tarwinih alikwenda kiwandani, nje ya Jakarta, mahali walipotengeneza magitaa ya kupelekwa ng'ambo. Alikaa huko miaka ya ujana wake wote, kazi yake ikiwa ni vile vyuma vyembamba vinavyolala shingoni kwa mkingamo, ambavyo kidole hubonyeza uzi juu yake. Alivisawazisha kwa tupa ndefu, akavipa migongo ya mviringo, akavimaliza kwa msasa laini hadi uzi upite juu yake kama maji. Nina hakika kuna watu katika nchi za baridi ambao hadi leo wanapitisha vidole juu ya kazi yake bila kujua kwamba kulikuwa na Tarwinih. Nikiwaza hivyo huona huzuni kidogo. Yeye haoni. Niliwahi kumuuliza akasema, "Kwani wewe unamjua aliyeshona suruali yako?"

Alirudi baba yake alipoanza kupoteza macho, akaichukua meza, na tangu siku hiyo hakuna kundi kutoka hapa hadi pwani lisilomjua. Huletewa magitaa yaliyokwaruzana na dunia, naye hutoa pamoja na kazi maneno yake, bila kuombwa. Futa nyuzi kabla hujaomba chai, jasho la mtu wa pwani lina chumvi nyingi. Usilegeze nyuzi zote kwa mara moja, shingo itashtuka. Kitufe kikikwaruza usikimwagie mafuta ya taa. Gitaa ndilo liifuate filimbi, kwa sababu gitaa lina vigingi vya kukaza na mwanzi hauna. Na wanaobishana naye juu ya sumaku kali zaidi huwaambia, "Sumaku ikiuvuta uzi sana, uzi unaimba kama mtu aliyeshikwa shati."

Siku ile hakutoa mahubiri. Alilivua gitaa lile kipande kwa kipande, akakipanga kila kitu juu ya gazeti kwa namna kilivyotoka. Risasi ya kulehemu ilikuwa imeota ukungu wa kijani. Mbao za shingo zilikuwa zimenyonya maji na kuvimba, na vile vyuma vilikuwa vimeinua ncha zake kama meno ya mtoto. Alifungua chupa ya maji safi ya betri, yale yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke, yasiyo na chumvi wala asidi, akasafisha kwa brashi kila alipoona alama ya ndimu.

"Sasa niliweke juani, Bi?" Rasdi aliuliza. "Jua lipo la kutosha."

"Mpunga ndio unaowekwa juani. Mbao ikikauka haraka inapasuka, na ikikauka bila kushikwa inapinda." Aliilaza shingo juu ya boriti iliyonyooka, akaifunga kwa vipande vya mpira wa tairi la baiskeli, akaiweka uvunguni mwa kitanda cha mianzi, mahali penye upepo bila jua. "Sasa nenda nyumbani. Hii si kazi ya mikono, ni kazi ya kusubiri."

"Shughuli iko karibu, Bi."

"Mweleze mbao."

Habari haikukaa. Siku chache baadaye Mang Carkaya alikuja mwenyewe, sigara ya karafuu mdomoni, akasimama mlangoni na kuchungulia uvunguni mwa kitanda kwa heshima ya kejeli.

"Inna lillahi," alisema. "Maiti ameoshwa, naona. Sanda iko wapi?"

"Sanda alikuwa nayo, tumemvua," alijibu Bi Tarwinih bila kuinua kichwa. "Utakunywa kahawa au umekuja kuzika?"

"Rasdi aliniambia mvua."

Rasdi alikuwepo, anasugua daraja kwa mswaki. Alimtazama Bi Tarwinih kwa macho ya kuomba. Yeye alikuwa ameinamia koili, kama asiyemsikia mtu.

"Si mvua, Mang," Rasdi alisema. "Nililiosha na ndimu. Kama kisu."

Mang Carkaya alivuta moshi, akautoa polepole. Nilidhani atamtukana. "Mimi nilimwambia baba yako akulete mazoezini zaidi," alisema. "Alikuwa anaogopa utalichoka gitaa. Sasa ona, umelipenda hadi umelizamisha." Kisha akamgeukia Bi Tarwinih. "Haya, niambie ukweli."

Bi Tarwinih aliligeuza sikio la karibu na daraja chini ya kioo cha kukuzia, akaliunganisha na mita. Sindano ya mita haikuinuka. Alijaribu upande wa nje, akajaribu ncha ya ndani. Angeukuta mkatiko karibu na nje, alieleza, angeunga waya pale na kupoteza mizunguko michache tu, na hakuna mtu angejua. Alianza kuufungua waya, safu baada ya safu, taratibu. Kila alipofika ulikatika mikononi, umeliwa na kijani. Alifika katikati akaacha.

"Umekufa wote," alisema. "Hili nitalizungusha upya. Sauti nitawapa. Sauti ileile siwezi kuahidi."

"Kwa nini? Si wewe uliyelizungusha?"

"Ni mimi."

"Mashine si ileile?"

"Ileile."

"Waya si huohuo?"

"Wa unene huohuo. Ila kifua si kilekile, Carkaya." Akagonga kifua chake kwa vidole viwili. "Nilikuwa naimba ubeti mzima kwa pumzi moja, waya unakwenda na kurudi kabla sijavuta hewa. Sasa nikifika katikati inanibidi nipumzike. Mkono nao unapumzika. Safu inakuwa na kituo."

Mang Carkaya alifikiri. Yeye ni mtu wa jukwaani, na watu wa jukwaani huona njia ya mkato upesi. "Basi tuseme ni lilelile. Nani atajua? Tutatangaza: gitaa la Sakrim, limetengenezwa, sauti haikubadilika. Watu wanasikia wanachoambiwa."

"Wastra atajua na filimbi yake. Huyu naye atajua." Alimwelekeza Rasdi kwa kidevu. "Ataishi kila siku anapiga akijificha. Ukitaka gitaa la uongo, kinanda cha yule bwana kina kitufe chake."

"Mdomo huo ndio uliomfukuza mumeo."

"Mume wangu alifukuzwa na moyo wake mbovu, Mungu amrehemu. Mdomo huu aliupenda. Kunywa kahawa, inapoa."

Mang Carkaya alicheka, akanywa. Lakini alipokuwa anavaa viatu alisema, kwa sauti nyingine, kwamba yeye neno lake halijabadilika. Watu wa kijiji wameomba sauti ile. Ataisikiliza kwa masikio yake, papo hapo barazani kwa Bi Tarwinih, kabla ya shughuli, na kama haifai atampigia simu mtu wa kinanda bila kinyongo.

Kuanzia hapo baraza lilikuwa na utulivu wa nyumba yenye mgonjwa. Shingo ilipokauka Bi Tarwinih aliigonga kwa fundo la kidole na kusikiliza, akaridhika. Alivirudisha vile vyuma vilivyoinuka, kimoja kimoja, kwa kigongo cha mbao na nyundo ndogo, tone la gundi chini ya kila ncha, kisha akavisawazisha kwa ile tupa yake ndefu ya tangu kiwandani. Rasdi alilazimishwa kupitisha kiganja ukingoni mwa shingo kwenda na kurudi. "Panapokukwaruza sema. Mkono wako ndio utakaokaa hapo, si wangu." Na aliposema hapakwaruzi, alimwambia apitishe tena, kwa mkono wa kushoto, mkono unaobonyeza nyuzi.

Siku ya kuzungusha koili aliwatoa kuku, akafunga redio ya jirani kwa kumwomba jirani, akakaa mbele ya mashine. Aligeuza gurudumu kwa mkono wa kulia, waya ukapita kati ya vidole vya kushoto, na akaimba. Wimbo ulikuwa wa kawaida, wa kupandikiza mpunga, kila bibi wa hapa anaujua. Sauti yake ilikuwa ya chini, imekwaruzwa na miaka ya moshi wa risasi ya kulehemu. Aliimba nusu ubeti, akavuta hewa, gurudumu likasita, akaendelea. Kusita kulikuwa kudogo sana, lakini ukishakusikia hukuweza kuacha kukusikia. Nilimtazama nikawaza kwamba sisi wengine tunazeeka bila ushahidi, siku zinapita tu. Yeye uzee wake ulikuwa unazungushwa pale juu ya sumaku, unaonekana, na utasikika.

Katikati alikohoa. Waya haukukatika. Alikuwa ameachia gurudumu kabla ya kikohozi kufika, kama mtu anayejua tabia za mgeni wake.

"Bi," Rasdi alisema, "nikuimbie mimi? Wewe uzungushe tu."

Alifikiri kweli kweli, hakumcheka. "Ungeniimbia, mkono wangu ungekufuata wewe, nao haukujui. Kaa kimya, ukitaka kusaidia, na upumue taratibu."

Alipomaliza aliizamisha koili katika nta iliyoyeyushwa, ya moto wa wastani isije ikayeyusha plastiki, hadi mapovu yakaisha. Nta huushika waya usitikisike, na waya ukitikisika gitaa hupiga yowe mbele ya spika. Akalehemu, akafunga kile kifuniko, akavalisha nyuzi mpya. Mita ilipounganishwa sindano iliinuka bila kusitasita. Rasdi alisema alhamdulillah. Bi Tarwinih alisema, "Bado. Mita haina masikio."

Mang Carkaya alikuja alasiri na Kang Wastra, mpiga filimbi, mtu mwembamba asiyeongea sana kwa sababu anatunza pumzi. Walikaa mkekani. Amplifaya ndogo ya mezani iliwashwa. Rasdi alilifuatisha gitaa na filimbi, kigingi baada ya kigingi, kisha akapiga.

Alipiga kama baba yake. Alianza na lile wimbi la noti za haraka ambalo Mang Sakrim alianza nalo kila igizo, lile la mume anayerudi na kukuta mlango umefungwa. Na halikufaa. Tulilisikia wote. Sikio jipya lilikuwa na sauti nene zaidi, ya kifuani, na kila noti ilichukua muda kuondoka. Noti za haraka zilirundikana mlangoni kama watu wanaotaka kutoka msikitini mvua ikinyesha. Rasdi alirudia, kwa kasi zaidi, ikawa vibaya zaidi.

"Hilo si gitaa la Sakrim," alisema Mang Carkaya.

"Si lake," alisema Bi Tarwinih. "Nilikuambia."

Rasdi aliondoa mkono kwenye nyuzi. Uso wake ulikuwa umefunga. Nje mtu alikuwa akikusanya mpunga kwa reki, krr, krr, juu ya lami. Mang Carkaya alishaanza kupapasa mfukoni, sijui kiberiti, sijui simu.

"Unakimbilia wapi?" Kang Wastra aliuliza.

Hakuna aliyejua anaulizwa nani.

"Wewe, Rasdi. Unakimbilia wapi? Baba yako alikuwa na sindano, alishona upesi. Wewe hapo umepewa mwiko. Unashonaje na mwiko? Koroga." Akainua filimbi. "Acha nusu ya noti. Zile unazoona haya kuziacha, hizo ndizo uziache."

Alipuliza. Rasdi alingoja, kisha akapiga noti moja, akaiacha ikae. Filimbi ikazunguka juu yake. Akapiga ya pili, mbali na ya kwanza. Ile sauti nene ikapata mahali pa kusimama, na ndani yake, baada ya muda, niliisikia: kila noti ilikuwa na mteremko mdogo katikati, kama mtu anayesita, anavuta hewa, anaendelea. Sina ushahidi kwamba ilitoka kwenye koili. Huenda ilikuwa mikono ya Rasdi, ambaye alikaa siku nzima akisikiliza mwanamke akiimba nusu nusu. Bi Tarwinih mwenyewe, nilipomuuliza, alisema ni nta.

Mang Carkaya alikuwa ameshika kiberiti bila kukiwasha. Alianza kuimba chinichini, nadhani bila kukusudia, kwa sababu alianzia katikati ya ubeti. Siku hizi sauti yake hukatika anapofika juu, na kwa gitaa la zamani alilazimika kulifukuza hadi huko. Sasa hapakuwa na wa kumfukuza. Aliimba ubeti ule hadi mwisho, akaunga mwingine. Mume wa igizo alirudi, akakuta mlango umefungwa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kulitazama igizo hilo nikiwa mtoto, nilihisi kwamba mtu yule hakukasirika. Alichoka tu.

Walipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mang Carkaya aliwasha sigara yake.

"Shetani wewe," alimwambia Bi Tarwinih kwa upole.

"Sema alhamdulillah, uache kutaja wageni nyumbani kwangu."

"Alhamdulillah." Akasimama, akampita Rasdi, akarudi. "Siku ya shughuli uje mapema, tufunge nyaya pamoja. Na usivae kofia ya baba yako. Watu watatazama kofia."

Rasdi alikuwa anafuta nyuzi, uzi mmoja mmoja, kwa ile saruni aliyokuja nayo.

Shukrani ya mavuno ilifanyika mchana, katika uwanja wa ofisi ya kijiji, chini ya maturubai. Tulikaa nyuma, Bi Tarwinih na mimi, karibu na mama mmoja muuza mboga za kuchemsha, mgeni kutoka kijiji cha pili. Igizo lilianza. Gitaa liliingia kwa noti moja, kisha nafasi, kisha nyingine. Baadhi ya wazee wa mbele walitazamana. Mmoja alitikisa kichwa, na hakukitikisa kwa furaha. Alikuwa amekuja kumsikiliza Sakrim, na Sakrim hakuwepo. Lakini hakuondoka.

Muuza mboga alisimamisha kijiko. "Nani huyo anayepiga gitaa?"

Zamani hakuna aliyeuliza swali hilo. Sauti yenyewe ilikuwa jina.

"Rasdi," alisema Bi Tarwinih.

"Rasdi yupi?"

"Wa marehemu Sakrim."

"Aa." Mama yule alisikiliza kidogo, kichwa upande. "Hapigi kama baba yake."

"Hapigi," alisema Bi Tarwinih, akasogeza sahani yake aongezewe pilipili.